Nguzo za Simu za Kuelekea Njoro

Salome mama,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nimekuona leo asubuhi: mzima wa afya, na umenikasirikia. Hali yangu nayo unaijua kuliko daktari. Kwa hiyo hapo tupite.

Umetoka kwenda kuwaaga akina mama wa kanisa, au kuwaambia kwamba huendi tena, sijui ni lipi. Ulifunga mlango bila kusema. Mimi nimevuta stuli mpaka mezani, nimeketi wima kama unavyonilazimisha, na wino nimeuazima kwa jirani yetu Wanjala. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, pale pale ulipokalia ukasema, "Siendi. Nitamwandikia mwalimu mkuu, nafasi wampe mwingine." Kwa mdomo sitaweza. Wewe na mimi tukianza kuongea jambo zito, mmoja hupandisha sauti na mwingine hutoka nje. Umechukua jina la mama yangu, na ukali wake wote umeuchukua pia.

Sitakuandikia habari za shuka na baridi ya Molo, wala za kuchunga mizigo ukifika Kisumu, wala za wavulana. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na walimu wako. Nataka tuongee juu ya hili sanduku.

Nilitaka nikubebee mpaka stesheni. Begani, si kwa mkokoteni. Tangu chuo cha walimu kilipokubali tena kukuchukua nimekuwa nikiiona asubuhi ya kesho kichwani mwangu: baba mbele na sanduku, binti nyuma na viatu vyeupe, na makuli wote wamesimama mlangoni mwa godauni wakitazama. Ndiyo maana leo nikainama kuonja uzito wake. Kuonja tu. Ukasema, "Baba, weka chini." Nikakuambia nilikuwa nabeba magunia ya ngano kabla wewe hujazaliwa. Ukanijibu, "Ndiyo. Na mimi nilikuvisha viatu baadaye."

Lo, mama, hapo ulinipata. Nikakukaripia. Nawe ukakalia sanduku, ukasema kama mimi bado ni yule yule basi huwezi kuniacha. Tangu umetoka nimekuwa nikilifikiria neno hilo, yule yule.

Mambo haya yote uliyaona, lakini uliyaona ukiwa upande wako. Acha leo nikupe upande wangu, kwa sababu sijawahi kukupa.

Siku nilipoumia sikuanguka. Watu hudhani nilianguka. Ulikuwa wakati wa mavuno, mabehewa yamejipanga, ngano inateremshwa kutoka mashambani, na mimi ndiye niliyekuwa naitwa Behewa kwa sababu sikuwa nachoka. Nilikuwa kwenye ubao wa kupandia behewani, gunia begani, mtu akanitania kutoka nyuma. Nikageuza kiuno nimjibu. Miguu ikabaki inakoelekea, kiuno kikaenda kwingine, na ule uzito wote ukakaa katikati. Kitu kikakatika chini ya mgongo na moto ukashuka nyuma ya paja mpaka kwenye vidole. Neno lenyewe nililotaka kumjibu yule mtu silikumbuki.

Hospitalini yule dresa, msaidizi wa daktari, akanipima, akanigonga magoti, akaniambia mfupa haukuvunjika. Akasema nilale siku chache juu ya ubao, kisha niamke nitembee kidogo kidogo, nisiinue kitu mpaka aniambie. Aliyasema yote hayo, na mimi nikachukua neno moja, lala. Nililala mpaka miguu ikawa myembamba kama ya mtoto. Ulikuwa ukitoka shule unanikuta nimetazama mabati. Ukiniuliza kama nimeamka, nilikuwa nakwambia ndiyo. Sikuwa nimeamka. Niliogopa ule moto, na kila siku niliyolala niliuogopa zaidi.

Kisha woga ukageuka aibu. Unajua nyumba hizi za reli, ukuta wa mwenzako ndio wako. Asubuhi nilikuwa nasikia viatu vya wenzangu wakienda kazini na mimi nimelala kama mwanamke aliyejifungua. Mama Wanjala akaleta unga. Alipoondoka niliukasirikia ule unga, maskini, kana kwamba ndio umenitukana. Asubuhi iliyofuata, wewe ulipokwenda shule, nikaamka, nikavaa, nikaenda moja kwa moja godauni. Kutoka kitandani mpaka kwenye magunia, bila kituo katikati.

Wewe hujawahi kuiona ile desturi yetu, wanawake hawaingii pale. Mtu akitoka ugonjwani harudi kimya kimya. Kazi inasimama. Anachaguliwa gunia la kwanza, na hawachagui dogo. Wenzake wanajipanga pande mbili, wanampigia makofi na kumwimbia kwa jina lake mpaka alifikishe behewani. Likifika, amerudi, nyapara anaandika jina lake. Likianguka, hakuna anayesema kitu, lakini kesho yake anakuta amewekewa ufagio mlangoni, kazi yake sasa ni kufagia. Hakuna aliyenilazimisha. Nyapara mwenyewe aliniuliza, "Zakayo, una hakika?" Nikamwambia apige makofi na yeye.

Mama, ule wimbo ni mtamu. Nitakuwa nadanganya nikisema vingine. Wanaume wazima wanaliita jina lako, na mgongo unasahau. Nilifika kwenye ubao. Nikapanda. Pale juu mguu wa kushoto ukawa si wangu, ukaondoka kama umeitwa na mtu mwingine, na gunia likashuka likapasuka, ngano ikamwagika mpaka kwenye reli. Makofi yakanyamaza. Walinileta nyumbani kwa mkokoteni, mimi na gunia tupu la kunifunika uso kwa sababu ya jua. Jua halikuwepo siku ile. Wanjala ndiye aliyelileta hilo gunia, na hadi leo hajalitaja.

Yaliyofuata unayajua vizuri kuliko mimi. Ulinivisha viatu. Ulinishika mkono mpaka chooni, msichana mkubwa na baba yake, na njiani ulikuwa ukiangalia mlima Menengai ili nisione aibu. Ile nafasi yako ya mwaka jana ilipita hivyo. Ulipoandika kwamba hutaweza kufika kwa sababu ya ugonjwa nyumbani, hukuniambia. Nililijua jambo hilo kwa mchungaji. Sikukuuliza, tukala ugali wetu.

Basi hukulia wala hukunung'unika. Ulikwenda mwenyewe kwa yule dresa ukamwuliza yale yote niliyosikia nusu. Ukarudi nayo kichwani. Kulala kidogo, kutembea kidogo, kila siku, hata siku ambayo sitaki. Mgongo ukiuma wenyewe, nipunguze mwendo lakini nisikate. Maumivu yakishuka mguuni, nirudi nyuma. Na nikikosa hisia huku kwenye mapaja au mkojo ukikataa, hospitali saa ile ile, hata kama ni kwa kubebwa. Hilo la mwisho ulinitajia ukiwa umegeukia ukuta. Nami nililisikiliza nikiwa nimegeukia ukuta mwingine.

Ndipo tukaenda kwenye zile nguzo za simu.

Ulisimama kwenye ya kwanza, hapo nyuma ya nyumba, unaponyooka ule mstari wa reli wa kwenda Njoro. Ukaniambia, njoo. Mimi Behewa, natoka mlangoni kwangu kwenda kwenye nguzo ambayo mtoto hupiga jiwe akaifikia, na jasho linanitoka. Nilifika nikiwa nakutukana moyoni. Ukasema vizuri, sasa turudi. Nilipopata nguvu kidogo nikataka nipite mpaka ya pili, ukanizuia kwa mkono kifuani. "Kesho, baba. Kwanza tuone utaamkaje." Hilo ndilo neno lako kubwa. Leo nikijisikia vizuri si ushahidi, ushahidi ni nitakavyoamka kesho. Nikiamka salama, ulikuwa unasogea nguzo moja, unasimama, unaningoja. Nikiamka vibaya, tulirudi kwenye ile ya nyuma, wala hukunisimanga.

Na yule askari, unamkumbuka? Zilikuwa zile siku za Hali ya Hatari, watu wakichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na hapa kuna mwanamume mzima anatembea kando ya reli bila mzigo wala safari. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia, "Nguzo ile." Kufanya nini? "Kurudi." Alidhani namdharau, akakamata ukosi wangu. Wewe ukaja mbio kutoka kwenye nguzo na kipande changu cha utambulisho mkononi. Akakuuliza, "Baba yako ana wazimu?" Ukamjibu, "Hapana afande, ana mgongo." Mpaka leo nikiwa peke yangu nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Tangu hapo ukawa unanipa debe tupu nibebe ili nionekane nakwenda kuteka maji. Baadaye ukatia maji kidogo ndani yake. Baadaye ukaongeza. Sikujua kwamba umeshaanza kunifundisha kubeba, nilidhani ni kwa ajili ya askari.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo godauni. Sikurudi kwa wimbo. Nilimwendea nyapara kwa mlango wa nyuma nikamwomba magunia ya pareto. Wewe unajua pareto, maua makavu, yanateremka kutoka Molo na Keringet, gunia ni kubwa kama ng'ombe na uzito hakuna. Yanabebwa na wazee na vijana ambao bado hawajakomaa. Wenzangu walinipa jina jipya kabla ya chakula cha mchana. Bwana Maua. Nilikuambia jina hilo linanichekesha. Halikunichekesha. Niliacha kula nao, nikawa nakula nyuma ya stoo, peke yangu, nikitazama vumbi jeupe la magadi likipanda kutoka ziwani. Lakini ni kwenye pareto nilikojifunza kuchuchumaa badala ya kuinama, kulikumbatia gunia karibu na tumbo, na kugeuka kwa miguu. Mtu akinitania kutoka nyuma siku hizi, nageuka mwili mzima, polepole, kama mzungu wa mtaa wa Milimani. Wanasema nimekuwa na maringo.

Leo nabeba pareto na nusu gunia za mahindi. Gunia zima la ngano sitalibeba tena maishani. Nimelikubali hilo, sijawahi kulitamka mbele yako. Sasa nimeliandika.

Nakwambia yote haya kwa sababu ya sanduku, na kwa sababu ya kule unakokwenda. Huko nako kuna wimbo wao. Watakuwepo wasichana ambao baba zao ni makarani, wanaojua Kiingereza tangu nyumbani, na siku ya kwanza watakupangia gunia wakupigie makofi. Chuo hakina magunia, lakini utalijua ukiliona. Utataka kulibeba lote ili wajue binti wa kuli ni nani. Nakujua, ni mimi nimekuzaa. Ikifika hapo, omba pareto, mama. Uliza swali la mjinga. Kaa nyuma ya wenzako muda kidogo. Inauma, na jina watakupa, lakini utaamka salama.

Lipo jingine ambalo si la mgongo, lakini nimelijua kwa mgongo. Mama yako alipofariki, tulimzika, na kesho yake nilikuwa kazini. Watu walisema Zakayo ana moyo mgumu, wengine walisema ana nguvu. Nililiinua lile jambo lote siku moja, nikaliweka begani, na tangu siku ile sikulitua. Ndiyo maana hukuwahi kusikia nikimtaja. Ulipokuwa mdogo uliniuliza alikuwa anaimba nini akisonga ugali, nikakwambia sikumbuki. Nakumbuka. Ukirudi likizo nitakuambia kidogo, na likizo nyingine kidogo, tuone nitaamkaje.

Sasa upweke. Sitakuficha, kwa sababu ukinishika nimeficha ndipo utashuka treni. Nitakuwa mpweke sana. Jana nilipima unga wa ugali wa mtu mmoja ili nizoee, nikaona sufuria ile ni kubwa mno, nikaongeza unga wa mtu wa pili. Jioni ndiyo itakuwa mbaya, kile kipindi ambacho wewe unawasha taa na kuniuliza nani alisema nini godauni. Sijui nitamwambia nani. Wanjala ni mtu mwema lakini anajua tayari nani alisema nini, alikuwepo. Naogopa ile saa kuliko nilivyoogopa ubao wa behewa. Lakini, mama, huo ni uchungu wa mgongo tu, haushuki mguuni. Ni ule wa kupunguza mwendo bila kukata. Ukibaki kwa ajili yangu, utanirudisha kitandani kutazama mabati, na safari hii tutakuwa wawili tumelala.

Kwa hiyo sanduku sitalibeba. Nimeshasema na Wanjala, kesho asubuhi atakuja na mkokoteni, ule ule ulionileta nyumbani. Mimi nitatembea kando yako mpaka stesheni na mikono mitupu mbele ya makuli wote. Wakitaka kucheka wacheke. Sijawahi kumsindikiza mtu nikiwa sina kitu begani, sitajua mikono niiweke wapi, utanivumilia.

Yapo mengine lakini jua linateremka na nataka nitoke kabla hujarudi.

Ukiingia ndani hutanikuta, usishtuke. Nimekwenda kwenye nguzo. Tangu tuanze sijawahi kwenda bila wewe kusimama kule mbele, na leo nakwenda nione kama naweza kufika mahali ambapo hakuna mtu. Nitafika, nitashika nguzo, nitageuka kwa miguu. Ukisimama mlangoni ukatazama upande wa Njoro utaniona narudi, polepole, na debe la maji.

Usinijie. Funga sanduku lako.

Baba yako,
Zakayo